Kiti cha 504: Tuanzie Chini

Kiti cha pikapu ya zamani kikichakaa, macho ya watu huenda kwenye kitambaa. Kimeraruka pembeni, uzi umeachia, sponji imegeuka unga wa manjano unaonata kwenye suruali. Mwenye gari hukipeleka kwa mshonaji, huchagua rangi, hurudi nyumbani na kiti kinachong'aa. Haupiti muda mrefu kabla mgongo haujaanza tena kuuma palepale. Ninachoshikilia mimi ni hiki: pesa za kurekebisha viti hivi huishia juu, kwenye kile kinachoonekana, ilhali kilichokufa ni chuma na waya ulio chini. Kitambaa kitupwe bila majuto. Fremu itunzwe.

Nikilisema hilo mbele ya wenye magari wa Nakuru sikosi wa kunipinga, na wanaonipinga wana hoja. Nimewapa nafasi hapa: mkulima wa Mau Narok na mkewe; binti yao, tabibu wa viungo mjini; mwalimu mstaafu anayependa magari ya kale; dereva wa kuajiriwa wa barabara ya Njoro; na fundi wa viti wa jua kali. Majina yao hayahitajiki. Gari lenyewe ni Peugeot 504.

Gari hilo linastahili maneno machache kwanza. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na pikapu yake ikafuata mwaka 1979. Huku kwetu ziliunganishwa Mombasa. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena mwaka 1978 kwa 504 ya milango miwili, na ushindi huo ulifanya kazi ambayo tangazo lolote lisingeweza kuifanya kwa mkulima anayetafuta gari la kuhimili matope. Teksi zake zenye safu tatu za viti zilikimbia kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu. Pikapu zikafungwa bodi za abiria zikawa matatu, watu wakiketi kwenye mabenchi huku wakitazamana.

Sifa ya 504 ilikuwa ulaini wa safari, lakini hapo tusichanganye mambo. Ulaini ule ulikuwa wa gari la familia. Pikapu ilitengenezwa kubeba zaidi ya tani moja, kwa hiyo nyuma ilipewa springi ngumu za vyuma bapa vilivyolaliana. Ikiwa na mzigo hutulia. Ikiwa tupu, kwenye mawe ya Mauche au Likia, hurukaruka, na hapo kiti ndicho kitu pekee kilichobaki kati ya ekseli na uti wa mgongo wa mtu. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito.

MKULIMA: Mimi sina maneno mengi. Gari hili limebeba viazi, limebeba mbolea, limebeba jeneza la baba yangu. Injini ni nzima. Kiti kimebonyea upande wangu, nikaweka gunia, juu ya gunia nikaweka blanketi. Sasa waya umeanza kunichoma. Nataka kishonwe, nirudi kazini.

BINTI: Baba, hilo gunia ndilo linalonitia hofu. Umelikunja upande wa kulia kwa sababu kulia ndiko kulikozama. Leo limepanda, kesho limebonyea, na nyonga zako hazijawahi kuwa sawa kwa miaka. Unaendesha ukiwa umepinda. Kisha unakuja kwangu unaniambia mgongo ni uzee.

MKULIMA: Na si uzee?

BINTI: Uzee upo. Lakini mwili wa mtu aliyeketi una mtetemo unaouumiza kuliko mingine, ule wa juu na chini unaopiga mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Gari kwenye barabara mbovu hupiga papo hapo. Kiti kizuri huupunguza. Kiti kilichokufa huupitisha wote, na kikiwa kimelegea vibaya huweza hata kuuongeza. Toeni hicho kiti. Wekeni viti viwili vya gari la Kijapani, vyenye reli, egemeo linalorekebishika na kiegemeo cha kichwa. Maduka ya vipuri vya mitumba yanavyo.

MWALIMU: Toeni! Binti yangu, unalisema kwa wepesi. Kiti hiki kikitolewa kitakaa nyuma ya nyumba mvua mbili tatu, kisha atapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Kitauzwa kwa kilo, kitayeyushwa. Kiwandani hakitoki kingine. Rangi inaweza kupigwa upya, bodi inaweza kunyooshwa, hata injini inapatikana. Fremu ya kiti cha benchi cha pikapu, ikishaenda, imeenda.

BINTI: Mwalimu, kwa heshima, mimi nawatibu watu, sitibu magari.

MWALIMU: Nami siombi mtu aumie kwa ajili ya gari. Naomba kifunguliwe kabla hakijahukumiwa.

Hapo Mwalimu amesema neno ninalolitaka, na bahati nzuri fundi ameketi palepale. Nitamwachia nafasi kubwa kuliko wengine, kwa kuwa wengi wanaozungumza juu ya viti hawajawahi kukiona kimoja kikiwa wazi.

FUNDI: Mzee, mimi kiti sikiangalii juu. Kikishatoka kwenye gari nakigeuza, miguu juu. Hapo ndipo kinaposema ukweli. Fremu ni bomba la chuma. Kwenye kona zilizo karibu na mlango utakuta kutu, kwa sababu mpira wa mlango umeisha na kila mvua inaingia, na gambuti zenu zinaleta maji mengine. Juu ya fremu kuna springi. Kwa gari la usukani wa kulia, kona ya nje ya dereva ndiyo hufa kwanza, kwa kuwa kila akipanda na kushuka anaisaga. Nikikuta springi mbili tatu za pale zimekatika na zilizobaki ni nzima, kiti hicho hakijafa.

MKULIMA: Basi si unachomelea?

FUNDI: Hapana, Mzee. Fremu nachomelea, springi sichomelei. Waya wa springi umepikwa ukawa mgumu. Moto ukipita, pale pembeni pa moto panalainika, na patakatika hapohapo baada ya muda. Wako wanaochomelea, kwa sababu mteja hawezi kuona. Mimi natafuta springi kwenye kiti kingine kilichokufa, napima urefu na unene wa waya, naihamisha. Kisha nafunga springi zote kwa kamba ili moja isikimbie peke yake.

DEREVA: Na juu yake?

FUNDI: Juu ya springi lazima pawe na gunia. Gunia la mkonge. Siku hizi wengine wanaweka la nailoni, linateleza, waya unalitoboa, baada ya hapo springi inaanza kuitafuna sponji kutoka chini. Mtu akiona sponji imeisha anasema aliuziwa sponji mbaya, kumbe ni gunia. Baada ya gunia ndipo naweka sponji, tabaka mbili. Ya chini ngumu, ya juu laini kidogo. Hapo ndipo ninapogombana na wateja.

Ugomvi huo naujua sababu yake. Sponji huuzwa kwa unene, na mteja hupima kwa kidole: akibonyeza ikarudi, ameridhika. Kipimo cha kweli ni uzito wake kwa mita ya ujazo. Sponji iliyotengenezwa kwa kiti cha gari huwa kati ya kilo 45 na 60. Ya godoro la bei ya chini hukaribia 20, iliyobaki ni hewa. Zote mbili zikiwa mpya hupendeza mkononi. Tofauti hujitokeza baada ya msimu mmoja wa viazi, wakati ile nyepesi imekuwa nyembamba na mtu ameshuka tena hadi kwenye waya. Dukani, kabla ya kuuliza rangi ya kitambaa, ulizeni uzito wa sponji. Muuzaji asiyeujua, mtafuteni mwingine.

Kuna pia vumbi la kwetu. Ukitoka Gilgil kuelekea Elementaita unapita Kariandusi, ambako huchimbwa udongo mweupe wa magamba ya viumbe vidogo vya ziwa la kale, na vumbi la upande huo wote ni jembamba kiasi cha kupenya kwenye matundu ya sindano. Likishaingia ndani ya sponji hufanya kazi ya msasa: kila gari linaporuka, sponji inajisaga yenyewe. Kiti kikifunguliwa vumbi hilo humwagika sakafuni, na ndipo mwenye gari anapoelewa kwa nini kupangusa juu hakusaidii.

DEREVA: Mimi naomba kusema jambo. Nyote mnaongea kama mwenye gari na anayekaa kwenye kiti ni mtu mmoja. Mimi nakaa pale tangu alfajiri hadi usiku, Njoro, Nakuru, Molo, halafu narudi. Gari si langu. Kiti kikishonwa, nakiona tu kina rangi mpya. Mara ya mwisho kiliwekwa sponji laini sana. Mwenye gari alikaa dakika moja uani, akasifu. Barabarani, kila shimo nilikuwa nazama mpaka nagonga chuma, halafu narushwa. Ile ngumu ya zamani ilikuwa afadhali.

FUNDI: Huyo kijana amesema kweli. Kiti laini sana hakina mahali pa kusimama.

Katika hili nasimama na dereva bila kusitasita. Mwenye gari anayelipia kiti bila kumketisha dereva wake juu yake, gari likiwa tupu na barabara ikiwa mbovu, ananunua kitu asichokijua. Mgongo ukiharibika, anayeacha kazi si yeye. Kwa maoni yangu dereva wa kuajiriwa awe na neno la mwisho juu ya ugumu wa sponji, na tajiri abaki na rangi.

MWALIMU: Kuhusu rangi na kitambaa, naona mwandishi anataka kukitupa. Mimi napinga. Katika Concours d'Elegance ya Nairobi, waamuzi huingiza vichwa ndani ya gari, hawaishii kwenye bodi. Mishono ya kiti ni sahihi ya kiwanda. Ukibadilisha idadi ya mistari, umebadilisha gari.

MKULIMA: Mwalimu, mimi gari langu silipeleki Nairobi kutazamwa. Nalipeleka shambani.

MWALIMU: Najua, Mzee. Lakini mjukuu wako anaweza kutaka kulitengeneza siku moja, na hatakuwa na chochote cha kufuata.

FUNDI: Hilo halina shida. Kitambaa cha zamani mimi sikati kwa mkasi. Nafumua mshono kwa wembe, kila kipande nakiandika namba kwa chaki, ndicho kinakuwa kiolezo cha kipya. Nikimaliza, vipande vya zamani nakupa kwenye mfuko. Weka nyumbani. Mjukuu akitaka, namba ziko pale.

Jibu hilo la fundi lilimtosha Mwalimu, na mimi pia limenilazimisha kulegeza neno langu la kwanza. Kitambaa kisitupwe, kifumuliwe na kuhifadhiwa, kwani ni ramani. Ila kutumika tena, hapana. Na kuhusu kitambaa gani kiwekwe, wakulima wa huku wana tatizo lao la pekee. Pikapu hii hulala Mau Narok, karibu mita 2,800 juu ya bahari, ambako baridi ya alfajiri hugandisha majani. Saa chache baadaye imeshuka Nakuru, mita 1,850, na kama kuna safari ya Mogotio, imeingia kwenye joto la mashamba ya mkonge. Ngozi bandia ya plastiki hukaa kama barafu asubuhi, hunata kwa jasho mchana, na jua letu la ikweta huikausha mpaka inapasuka kwenye mikunjo. Sifa yake ni moja, hupanguswa matope na maziwa kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa cha kusokotwa hupumua lakini hunywa kila kinachomwagika. Turubai nzito la pamba, lenye kifuniko cha kuvuliwa na kufuliwa, ndilo ningelichagua, na uzi wake uwe wa nailoni. Wa pamba huoza kwa jasho. Anayetaka ngozi halisi aikumbuke kwa gari la Jumapili. Kwenye pikapu ya viazi ni fedha iliyopotea.

BINTI: Sawa, nimesikia habari za springi, nakubali kiti kinaweza kufufuliwa. Lakini hakuna aliyenijibu kuhusu kichwa. Benchi hili linaishia mabegani. Nyuma ya kichwa cha Baba kuna kioo. Lori likiligonga gari kutoka nyuma, kule Salgaa kwenye mteremko, kichwa kinakwenda wapi?

Swali hilo lilinyamazisha hata fundi. Salgaa ni sehemu ya barabara kuu ambayo imeua Wakenya wengi mno, na hakuna mpenzi wa magari ya kale anayeweza kulijibu kwa habari za urithi.

FUNDI: Naweza kuchomelea vyuma viwili kwenye egemeo, niweke mito ya kichwa.

BINTI: Fundi, chuma kisichopimwa nyuma ya kichwa cha mtu ni hatari nyingine. Kikikatika kinakuwa mkuki.

MWALIMU: Na viti vya Kijapani unavyovisifu, vitafungwa wapi? Sakafu ya 504 ina matundu yake ya bolti. Reli za Japani hazikutani nayo. Watatoboa sakafu upya, watachomelea vipande vya bati, na sakafu yenyewe ina kutu. Kiti kizuri kilichofungwa kwenye bati bovu kinang'oka na mtu wake.

BINTI: Hapo umenishika, Mwalimu. Sikuwa nimefikiria sakafu.

FUNDI: Nimeona viti vya aina hiyo. Pia vinakaa juu sana. Goti linagusa usukani, kichwa kinagusa dari.

MAMA: Mmemaliza? Sasa niulize mimi. Mkitia viti viwili, mimi nakaa wapi?

Mkulima alikuwa hajalifikiria hilo, na nakiri wengi wanaoandika juu ya magari hawalifikirii. Benchi la pikapu lilitengenezwa kwa watu watatu. Siku za soko hukaa mume, mke, na kibarua au mtoto wa shule aliyeombewa nafasi. Kuondoa benchi ni kumwondoa mtu, na mara nyingi anayeondolewa ni mwanamke, ambaye ataambiwa apande nyuma juu ya magunia.

BINTI: Mama, nyuma huendi. Lakini na katikati pale hukai bila mkanda.

MAMA: Mkanda wa katikati haujawahi kuwepo.

FUNDI: Wa kiunoni unaweza kuwekwa, Mama. Lakini haufungwi kwenye kiti. Unafungwa kwenye sakafu, na chini ya sakafu panawekwa bamba nene la chuma ili bolti isipasue bati. Kazi hiyo si yangu mimi mshonaji, ni ya mtu wa bodi. Na hafanyi chochote kabla ya kukata kutu.

Mikanda ilitufikia kwa nguvu ya sheria. Kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliwalazimisha wenye matatu kuifunga, na ipo iliyofungwa popote palipopatikana mradi askari aone kamba. Pikapu ya shamba isirudie kosa hilo. Bolti ya mkanda ifungwe mahali ambapo mtu angekubali kuning'iniza injini.

Kuhusu kichwa, sitajifanya nina jibu. Naona Binti ana haki, na naona pia benchi halina pa kuwekea kiegemeo salama bila kazi ya mhandisi. Kwa safari za barabara kuu, usiku, kati ya malori, gari hili lisitumike. Kwa shamba, kwa Njoro, kwa soko, linatosha. Mkulima hakupenda hukumu hiyo, ila mkewe aliikubali kabla yake.

MKULIMA: Kwa hiyo kazi inaanza wapi?

FUNDI: Kiti kinatoka leo, Mzee. Gari linakwenda kwa mtu wa bodi, sakafu inakatwa kutu, inawekwa bati jipya, mabamba ya mikanda na rangi ya kuzuia kutu. Mpira wa mlango pia, la sivyo maji yatarudi. Mimi huku nafanya fremu na springi. Ukija, kabla sijaweka sponji, nitakuita ukae juu ya gunia. Ukisikia upande mmoja unashuka, tunarudia. Kitambaa ni cha siku ya mwisho.

MKULIMA: Na bei?

FUNDI: Chini ndiko kutakula pesa. Ikiwa zitapungua, punguza kitambaa. Nitakufunikia kwa turubai la kawaida, utaongeza mwakani.

DEREVA: Fundi, na mwenye gari langu akikataa? Yeye anataka kile cha rangi mbili alichoona kwenye matatu.

FUNDI: Mwambie akuje nacho yeye mwenyewe. Nitakigeuza mbele yake, kabla hatujazungumza habari za rangi.